Siku moja maishani mwangu: sahani mbili za sambaza

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukungu bado umelala juu ya Ziwa Kivu, nami niko ufukweni nangoja mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo, ile mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wamama wauzaji wananijua. "Docta, hizi za leo unazikulaka ama unazipasuaka?" Udokta sina, mimi ni fundi wa maabara tu, ila nimechoka kubisha. Nanunua sahani mbili: moja ya kazi, moja ya sufuria. Ile ya kazi inaingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, palepale, maana tumbo la samaki aliyekufa huendelea kusaga, na ukichelewa utakuta uji tu.

Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Alitolewa Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Mto Ruzizi unatoka hapa Bukavu kuteremka kule, karibu mita 700, kwa hiyo samaki wa urefu wa kidole asingepanda maporomoko yale mwenyewe. Watu walimleta wakiona katikati ya ziwa kuna chakula kingi na hakuna wa kukila.

Saa mbili niko kwenye kijito upande wa Kabare. Naweka wavu upande maji yanakokwenda, nasugua mawe kwa kisigino, kinachong'oka kinaingia wavuni. Kwenye beseni jeupe wanaanza kutembea: mabuu wa wadudu wenye mikia mitatu, mashavu ya kupumulia yamepangwa ubavuni mwa tumbo kama majani madogo, yakipepea bila kupumzika. Naweza kuwatazama saa nzima. Buti la kushoto linavuja tangu mwezi uliopita. Niliomba jingine, nikaambiwa mradi umekwisha.

Saa tano, mto Kahuwa, katikati ya mji. Motari, mwenye pikipiki, ananishusha na kuziba pua. Wavu unaleta mifuko, nepi, na mabuu wekundu wa usubi, wekundu kwa sababu damu yao hushika hewa hata pale maji yalipoikosa. Kijana mmoja anauliza kama ni samaki wageni waliomaliza wadudu hapa. Hapana, mdogo wangu. Hapa vyoo na takataka vinatosha kueleza kila kitu. Sipendi anayemtupia samaki kila kosa.

Saa saba, bugali na maharagi.

Saa nane napasua matumbo. Chini ya hadubini ni miguu ya wanyama wadogo wa majini, na vidoa vyeusi vilivyokuwa macho. Matumboni mwa sambaza wakubwa mna mabawa ya wadudu, na mmoja amemeza sambaza mtoto. Anachagua kwa jicho, yaani anaanza na mnono. Ndivyo alivyopotea mnyama mmoja mdogo wa majini, kiroboto-maji mkubwa wa Kivu, Daphnia curvirostris, ambaye ndiye aliyekuwa mlaji hodari wa mwani. Na tangu 2006 kuna samaki mgeni mwingine kutoka Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye anapenda kandokando kwenye mawe na anakula planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, na wadudu pia.

Mitoni samaki mgeni si lazima amalize wadudu ili abadilishe mto. Kisa ninachokipenda ni cha New Zealand, walikopeleka samaki aitwaye trauti kutoka Ulaya katika karne ya 19. Mabuu wa kule, ndugu wa hawa wangu wa mikia mitatu, walizoea kula mwani juu ya mawe mchana na usiku. Penye trauti, mwindaji wa macho, mchana wanajificha chini ya jiwe. Mwani usioliwa unanenepa. Ukihesabu vichwa tu hutaona kitu. Lazima uende na tochi usiku. Nimeomba ruhusa ya kwenda Kabare usiku. Sijajibiwa.

Saa kumi umeme unakatika. Namalizia bokali, chupa ya mabuu wa Kabare, kwa tochi ya simu, kibano mkono mmoja, hadi chaji inafika asilimia nne. Nusu ya bokali imebaki.

Saa moja jioni, nyumbani. Mafuta yanalia, pilipili ipo. Sahani ya pili inaingia nzimanzima, vichwa na matumbo yake, kama tunavyowala wote hapa.