Vyura wa Kihansi Walipofika Mlimani

Mwaka 2010, nikisoma zuolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliruhusiwa kuingia katika chumba walimotunzwa vyura wa Kihansi, ambao mwezi Agosti mwaka huo mia moja kati yao walikuwa wamerejeshwa nchini kwa ndege kutoka Marekani. Mlangoni tulibadili viatu, kwa kuwa kuvu inayoua vyura huweza kubebwa na tope la nyayo.

Mzee aliyewahudumia aliitikia shikamoo yangu, akasema, "Sogea, mwanangu, ila usiguse kioo." Nilikodoa macho kwenye majani mabichi bila kuona kitu, mpaka chura mmoja wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita tatu, aliporuka. Chura huyu hatagi mayai. Huzaa watoto waliokamilika, na wale alionionyesha mzee hawakuzidi punje ya mchele.

Maskani yao pekee duniani yalikuwa korongo la Kihansi, katika milima ya Udzungwa, walikoishi kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipochepusha sehemu kubwa ya mto, manyunyu yalikauka. Ndipo mwaka 2000 vyura 499 walipochukuliwa na kupelekwa kwa Wildlife Conservation Society, shirika la hisani linaloendesha bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wengi walikufa kabla watunzaji wa Bronx na wa bustani ya Toledo hawajajua wapewe chakula gani, maji gani na mwanga upi. Huku nyumbani kuvu ilionekana korongoni mwaka 2003, idadi ikaporomoka, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wametoweka.

Nikiwa mbele ya kioo kile nilikumbuka kwamba umeme wa Kihansi huingia katika gridi inayowasha taa za jiji letu, nami nilikuwa nikijisomea usiku chini ya taa hizo. Wapo waliolalamika kwamba fedha nyingi mno zilitumika kwa ajili ya chura. Mimi naamini lilikuwa deni letu, na nasikitika kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kulilipa ilifanywa na watu wa mbali.

Nilimuuliza mzee watarudi lini kwao. "Maji yakiwa tayari," alijibu. Walirudishwa mwaka 2012, chini ya manyunyu ya mabomba yaliyotandazwa korongoni, ambayo yanahitaji kutunzwa kila msimu.