Kadi ya Msaada na Meno ya Maji ya Chai

Jumatatu iliyopita meneja wa zamu aliniita ofisini, akafunga mlango, akanisogezea kadi yenye namba ya simu. Nilidhani ni ya watu wa mishahara, maana kuna saa za ziada nilikuwa nadai. Kumbe ni namba ya msaada kwa watumiaji wa dawa za kulevya. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba binti wa bibi mmoja ninayemhudumia "ameyaona meno yangu", na kwamba pale hakuna atakayenihukumu.

Mimi nimekulia Maji ya Chai. Mtu wa Arusha au Moshi ameshaelewa: maji ya kwetu yana floridi nyingi, madini yanayotia meno madoa yakiwa bado yanajengeka utotoni. Darasani kwetu karibu wote tulikuwa na meno ya kahawia, mwingine mistari, mwingine madoa, mwingine yamechimbika kabisa, na hakuna aliyeziba mdomo akicheka. Ukifika Dar unaulizwa, "Wewe wa Arusha, eh?", unaitikia, yanaishia hapo. Huku Marekani meno ya namna hii yana tafsiri yake. Kuna dawa ya kulevya wanayovuta, inaozesha meno mpaka yanakatika, basi anayeona kahawia ameshakupangia kundi lako.

Nililia kwenye gari. Miaka sita nawalisha wazee wa watu, nawageuza, nawaogesha, sijakosa zamu hata siku ambazo Columbus nzima, mji wetu huku Ohio, imefunikwa na theluji. Pombe kwangu ni harusini tu, tena mara moja moja.

Kesho yake nikaenda kliniki ya meno na hasira zangu. Nikakaa kitini dakika ishirini, kisha dada wa mapokezi akaniletea karatasi. Jino namba 5 mpaka namba 12, yaani manane ya juu yanayoonekana ukicheka. Vinia ya kauri, yaani kigamba chembamba cha kubandika mbele ya jino, dola 1,600 kila jino. Chini kabisa: 12,800. Kulikuwa na safu ya bima imeandikwa sifuri, kwa sababu bima ya meno sina. Nikamuuliza, na ningekuwa nayo? Akasema sifuri ingebaki palepale, maana vinia inahesabiwa ni urembo. Nyie mtakaosema "laiti ungekuwa na bima", hilo mlijue. Bima nyingi za meno huku zina kikomo cha dola elfu moja mpaka elfu mbili kwa mwaka, na urembo haumo kabisa.

Mimi nalipwa dola 19 kwa saa. Pigeni wenyewe: ni saa zaidi ya 670, miezi minne kasoro kidogo ya kazi kabla sijakatwa kodi, kabla ya pango, kabla ya Mama. Na kwa pesa hiyo Usa River, jirani na kwetu, mnajua mtu anainua nyumba gani.

Dada yule alikuwa na jibu tayari: mkopo, "bila riba miezi 12". Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa wadogo zangu mnaojiandaa kuja. Mikopo mingi ya aina hii, ukifika mwezi wa kumi na mbili na umebakiza hata dola hamsini, riba inapigwa kuanzia siku ya kwanza, si kwa hizo hamsini tu. Asilimia yake inaweza kupita 25. Nimeona wenzetu wakiingia hapo kwa ajili ya meno, wakatoka na deni la kiasi cha bei ya gari.

Tena hakuna aliyeniambia bila kuulizwa kwamba kwa vinia nyingi jino linaparuliwa kwanza. Ni tabaka jembamba, nusu milimita hivi, lakini enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, haioti tena. Kile kigamba cha kauri kinakaa miaka kumi, kumi na tano ukijaliwa, halafu kinabadilishwa, kwa bei ya wakati huo. Kwa hiyo unanunua kitu utakachokilipia maisha yako yote. Na wale wa mitandaoni wanaokubandikia meno sebuleni kwa bei ya kutupa, wengi si madaktari. Waacheni. Wengine wanapanda ndege kwenda Uturuki kutafuta vinia, wanarudi na meno yaliyochongwa yakabaki vijiti na kuvikwa kofia. Kabla hujalala kwenye kiti cha mtu, uliza atachonga kiasi gani.

Mhudumu mwenzangu, Mghana, ndiye aliyenielekeza chuo kikuu cha hapa, kwenye shule ya udaktari wa meno. Wanafunzi wanafanya kazi, mwalimu anasimamia kila hatua. Ni taratibu, unaweza kukaa saa tatu kwa kazi ya saa moja, ila bei ni nyingine. Mwanafunzi aliponifungua mdomo alisita. Akamwita mwalimu wake, mzee wa mvi, akainama na kioo chake, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Umekulia karibu na volkano?"

Ndugu zangu, nilishindwa kujibu kwa muda. Mtu wa Ohio ameutambua Mlima Meru, volkano ya kwetu inayotia floridi kwenye maji, mdomoni mwangu.

Akawageukia wanafunzi akawasimulia kwamba mwaka 1901 daktari kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, hukuhuku Marekani, akakuta wenyeji wana meno kama yangu. Alihangaika miaka thelathini kutafuta sababu, mpaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipopima maji akakuta floridi. Na McKay alishaona kwamba meno yale yenye madoa hayatoboki ovyo. Mzee akagonga moja langu kwa kile chuma chao: "Halina hata tundu moja."

Hatukufanya vinia. Waliniparua madoa ya juujuu kwa asidi nyepesi na unga laini, wakanipa trei za kung'arishia nivae usiku kwa wiki tatu, na manne ya mbele watayajaza rezini, ile plastiki ngumu ya kuzibia, pale yalipochimbika. Jumla dola 860, nalipa kila nikienda. Hayatakuwa meupe kama ya watangazaji, na rezini itahitaji kurudiwa mapema kuliko kauri. Nimekubali, kwa sababu meno yangu yanabaki yangu.

Wewe ambaye bado uko nyumbani na yanakusumbua, shughulika nayo hukohuko kabla ya viza. Bei unazijua. Na mwenye mtoto mdogo: kuchemsha maji hakuondoi floridi, maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inazidi kukolea. Magadi nayo yanaongeza, makande ya mtoto yapikwe bila magadi. Maji ya mvua ndiyo salama yetu, au chujio la mkaa wa mifupa kama lile walilofanyia kazi pale Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floridi.

Meneja nilimpelekea barua ya mzee yule. Aliisoma akiwa amesimama, akasema, "Sikujua." Samahani bado naisubiri. Kadi yake nilimrudishia.

Jana nimemtumia kaka hela ya gata na tangi la lita 2,000. Mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu, anacheka na meno yake manane ya maziwa. Ya kudumu, yale ya mbele, yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi.