Mkuu wa shule akiuona unasihi kama tawi la nidhamu

Sekondari nyingi za Tanzania zina mwalimu wa ushauri na unasihi kwenye orodha ya majukumu. Kinachoua kazi yake ni mkuu wa shule kumpa na nidhamu pia. Mwanafunzi akisikia aliyoyasema faraghani yakitajwa mstarini, harudi tena, na wenzake hawaji kabisa.

Tenganisha kofia hizo mbili. Mpunguzie mnasihi vipindi, mpe chumba ambacho sauti haitoki nje, na kumbukumbu ziwe za namba badala ya majina, zifungiwe kabatini. Mwanafunzi aambiwe mapema siri ina mpaka: ukatili wa kingono au nia ya kujidhuru haviishii chumbani, vinapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi.

Kwenye viboko, kanuni za mwaka 2002 zinambana mkuu mwenyewe. Visizidi 4, kwa kosa kubwa tu; achape yeye au aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu kikiwa kitupu huku fimbo zipo kila ofisi, mkuu ameacha madaraka yake yatumiwe ovyo.

Utoro ndio kipimo kizuri zaidi cha kama mkuu ametenganisha unasihi na nidhamu. Kabla ya adhabu yoyote, mnasihi aulize umbali, chakula, kazi za nyumbani na anayeishi naye. Kumchapa anayetembea kilomita 8 hakufupishi njia.