Sauti ya pipa kwenye studio ya chumbani: jinsi nilivyoiondoa

Hatimaye jana nimerekodi sauti safi, nikaona niwaandikie mnaoanza na mtaji mdogo kama mimi.

Chumba changu ni mita 3 kwa 3, kuta za tofali za saruji. Kila aliyeimba alisikika kama yuko ndani ya pipa. Nilibandika trei za mayai ukuta mzima: ukali wa juu ulipungua kidogo, mvumo wa chini ukabaki. Sponji nyembamba, vilevile. Nusura nikope ninunue maiki nyingine.

Kilichosaidia ni godoro kuukuu la sufi. Seremala alinitengenezea fremu 4, kina sentimita 10. Nikaichambua sufi kwa mkono hadi mabonge yakaisha, nikajaza bila kushindilia, nikafunika kwa khanga. Kitambaa lazima kipitishe hewa: weka mdomo, puliza, ukihisi pumzi upande wa pili kinafaa.

Mwanzoni nilizibana moja kwa moja ukutani, nafuu ikawa ndogo. Kisha nikapigilia vipande vya mbao nyuma, fremu zikakaa sentimita 10 mbali na ukuta. Hapo ndipo! Hewa iliyogusana na ukuta haitikisiki sana, hivyo sufi haipati cha kukamata. Ukiisogeza mbele inameza hata mawimbi marefu zaidi, yaani ule mvumo wa chini.

Mbili nimeziweka kwenye kona, mbili nyuma ya mwimbaji, na maiki nimeitoa katikati ya chumba. Sufi hushika moto upesi, kwa hiyo nyaya na taa ziwe mbali nayo.

Nikapiga kofi moja. Pa! Kimya.