Jodari Ukutani Shibuya

Nilikuwa Tokyo kwa mafunzo ya kuhifadhi samaki, na jioni moja mwalimu aliyekuwa akitusimamia alitupeleka katika stesheni ya Shibuya, si kwa ajili ya treni bali kwa ajili ya mchoro. Katika ujia mpana ambao umati ulikuwa ukipita mbio bila kuinua macho, alituweka kando na kutuonyesha ukutani kazi ya msanii wa Kijapani Taro Okamoto iitwayo Asu no Shinwa, yaani Hekaya ya Kesho, yenye urefu wa mita 30 na kimo cha mita 5.5.

Kwa kuwa tulikwisha kuambiwa kwamba mchoro unahusu mlipuko wa bomu la nyuklia, nilitarajia kukuta maombolezo. Nikakuta kiunzi cha mifupa kinachowaka katikati ya rangi kali, kikiwa kama kinacheza ngoma. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa Tanga, na macho yangu yalitafuta bahari kwanza, yakaipata upande wa kulia, chini, pamoja na chombo kinachokokota jodari.

Mwalimu alieleza kwamba hicho ni Daigo Fukuryu Maru, chombo cha bandari ya Yaizu. Tarehe 1 Machi 1954 kilikuwa kikivua mbali kidogo na visiwa vya Bikini, katika Bahari ya Pasifiki, wakati Marekani ilipojaribu bomu la haidrojeni, na majivu yenye sumu ya mionzi yakawanyeshea mabaharia wake 23. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba ya mwaka huohuo. Shehena yao ya samaki iliyofika soko la Tsukiji, Tokyo, ilizikwa ardhini. Sisi tuliokuwa tukifundishwa kutwa nzima kuhusu barafu, chumvi na moshi tulinyamaza, kwa maana hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingemwokoa jodari yule.

Kuhusu msanii mwenyewe alisimulia kwa kifupi. Alizaliwa mwaka 1911, akaishi Paris miaka ya 1930 na kusoma mila za mataifa mbalimbali kwa mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss, kisha akarudi Japani, akapelekwa vitani China, na kazi zake za Paris zikateketea Tokyo iliposhambuliwa kwa mabomu ya moto. Mwaka 1954, mwaka uleule wa chombo kile, alitoa kitabu kinachodai kwamba sanaa haipaswi kuwa nzuri wala ya kustarehesha. Mchoro huu aliuchora Mexico mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya hoteli ambayo haikufunguliwa kamwe; ukapotea, ukapatikana mwaka 2003, ukawekwa Shibuya mwaka 2008.

“Samahani, Mwalimu,” akasema mwenzetu wa Kisumu, “lakini mimi naona ni mchoro mbaya.”

Mwalimu alicheka sana, akajibu kwamba Okamoto, aliyefariki mwaka 1996, angeifurahia hukumu hiyo kuliko sifa zote. Mimi nilimpinga mwenzetu: mchoro mzuri, wa kutuliza moyo, ungekuwa matusi kwa Kuboyama. Yeye akashikilia kwamba aliyefiwa hahitaji kuchezewa ngoma na mifupa, na ubishi huo tuliingia nao kwenye treni.