Mizabibu yangu imeikataa kalenda ya Dodoma

Leo alfajiri nimetoka nje na koti, kofia ya sufu na kikombe cha chai, nikaikuta mizabibu inalia. Aliyewahi kupogoa zabibu ananielewa. Ukishakata tawi, pale kwenye kidonda hutoka maji meupe kama machozi: tone linajikusanya, linaning'inia kwa muda, linadondoka, linakuja jingine. Mwaka juzi bibi jirani yetu hapa Kihesa aliyaona, akaniita toka upande wake wa ua: "Kamwene, baba. Huo mti umekukosea nini hata unautoa machozi?"

Mimi nilifurahi. Machozi maana yake mizizi imeamka, na kwa Iringa hii mwanzoni mwa Agosti, kuamka si jambo dogo.

Miaka mingi nimeendesha lori, na njia yangu kubwa ilikuwa Dodoma na Iringa kupitia Mtera. Ukitoka Dodoma mjini huchukui muda unafika Mpunguzi, na msimu ukiwa umewiva wanakusimamisha barabarani na ndoo za zabibu. Siku moja mzee niliyezoea kununua kwake alikuwa anapogoa. Matawi yamelala chini, mbuzi wanayasubiri. Nikamwomba. Akanichagulia pingili 40 za zabibu aina ya Makutupora nyekundu, kila moja ina macho manne, yaani sehemu za kuchipulia, akanifungia kwenye gunia lililoloweshwa maji. Zikasafiri chini ya kiti cha utingo, tukapanda nazo mlima wa Nyang'oro kwa gia ya kwanza. Nyumbani nilizichomeka macho mawili ardhini, mawili juu. Mchwa wakachukua zao, mbuzi wa kwangu mwenyewe akachukua zake. Zikabaki 21, na ndizo hizo mpaka leo, mistari mitatu, nguzo za mkaratusi kutoka Mafinga na waya mbili kila mstari.

Kosa langu lilikuwa kubeba pingili pamoja na kalenda. Dodoma wanavuna mara mbili, Machi na tena Agosti kuelekea Septemba, kwa hiyo na mimi nikapanga mara mbili. Mzabibu hauzai kwenye tawi kuukuu. Unazaa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita. Kwa hiyo siku unayopogoa ndiyo inayopanga siku utakayovuna. Wenzetu wa nchi za baridi kali wanafanyiwa kazi hiyo na majira yao, mti unapukutika wenyewe na kulala. Huku kwetu mkasi ndio unaoulaza na kuuamsha.

Nikapogoa Novemba. Machipukizi yakaja kama yamepigiwa baragumu. Januari vichala vilikuwa na punje za ukubwa wa njegere, nikaanza kuwaahidi watu. Halafu Februari ikanyesha kama inavyonyesha Iringa. Kwanza madoa ya njano kwenye majani, yanang'aa kama umedondoshea mafuta ya kupikia. Ukigeuza jani, chini kuna unyoya mweupe. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa zabibu. Punje zikawa kahawia, zikasinyaa, na Machi nikavuna kitu cha kujaza bakuli moja. Dodoma mvua ni chache na jua halichelewi kukausha majani. Sisi tuko juu zaidi, mita zaidi ya 1,500, ukungu unalala bondeni mpaka saa nne.

Mwaka uliofuata nikajiona mjanja, nikapogoa Mei, mara tu mvua zilipokata. Macho yakanitazama tu. Juni yote, Julai yote, yamefumba. Machache yaliyothubutu yalitoa vijani vya ukubwa wa kucha, vikadumaa kwa upepo. Mama Neema akawa anaita shamba langu "uzio wa fimbo".

Kwa hiyo sasa napogoa mwisho wa Julai, baridi ikianza kulegea. Naacha vikonyo vya macho mawili, mengine yote nakata bila huruma. Nikibahatika navuna mwisho wa Novemba, roho mkononi, maana mawingu yanakuwa yameshaanza kujikusanya. Mwaka jana nilipata kilo 34. Mstari wa mwisho ulikutwa na mvua ya siku mbili, punje zikapasuka na nyigu wakahamia hapo. Baada ya mavuno nautibu mti tu, na vichala vinavyojitokeza wakati wa masika navitoa. Nimeridhika na mara moja kwa mwaka.

Dawa yangu ya ubwiri ni ile ya zamani, mrututu (ile chumvi ya shaba ya rangi ya bluu) na chokaa. Gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa, maji lita 10. Ndoo iwe ya plastiki, kwa sababu mrututu unakula chuma. Nayeyusha kila kimoja peke yake, kisha namimina mrututu kwenye chokaa huku nakoroga, rangi inakuwa ya samawati nzuri kabisa, unatamani kupaka nyumba. Kabla ya kupulizia nachovya msumari uliosuguliwa kwa msasa. Ukitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha, naongeza. Ukitoka kama ulivyoingia, twende kazi. Nilipoanza niliruka hatua ya msumari, nikaunguza majani ya mstari mzima. Na dawa hii inakinga tu. Ukishaona unyoya chini ya jani, umechelewa.

Ndege nimewamaliza kwa vyandarua vikuukuu vilivyotoboka, nilivyokusanya kwa ndugu na majirani. Novemba uani kwangu panaonekana kama wodi.

Watu wananiuliza kuhusu mvinyo. Hapa Iringa mtu mwenye kiu ana ulanzi, pombe ya mianzi, nani atanisubiri mimi? Shemeji alijaribu mara moja kwenye ndoo, akafunika kwa kanga. Ikawa siki, na kwa kachumbari ilikuwa siki nzuri sana.

Jambo lililonishangaza ni mizabibu minne iliyo karibu na ukuta wa stoo. Sikuipendelea kwa mbolea wala maji, ila kila mwaka inafumbua macho kama wiki mbili kabla ya mingine. Jioni moja nikaweka kiganja kwenye ule ukuta wa tofali za kuchoma, jua limeshazama, nikakuta bado una joto kama chungu kilichoepuliwa. Wiki mbili hizo ndizo ninazozihitaji kuiwahi mvua ya Novemba. Nilipomweleza Mama Neema, akauliza kama sasa kila mzabibu utajengewa ukuta wake.

Jana nimeulizia bei ya tofali.