Barua Ndani ya Sanduku la Fidla

Kundi letu halikuwa na jina, na sijui ni jina gani lingetuenea wote. Tulikuwa tunapigia uani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, mwaka 1996. Gitaa lilikuwa la fundi redio mmoja aliyefiwa na mkewe, mtu wa dansi, kwake muziki ulianza na Atomic Jazz ukaishia kwa Jamhuri Jazz. Fidla ilikuwa ya karani mstaafu wa reli ambaye hakutaka kusikia kitu kingine ila taarabu. Kodiani ilipigwa na kijana wa kwaya ya kanisani. Dumbaki alipewa mpwa wa jirani, na kila wimbo yeye aliumaliza kabla yetu. Mimi nilikuwa na kinanda kidogo cha betri, na betri zenyewe tulikuwa tunazianika juani.

Shangazi alikuwa mjane wa miaka tisa, akiuza vileja. Kila jioni alituambia maneno yaleyale: "Mji huu umetoa Black Star, umetoa Lucky Star, tumemsikiliza Shakila kwa macho yetu. Leo nagongewa makopo."

Siku moja baada ya mvua, kitambaa cha ndani ya sanduku la fidla kikabanduka kwa unyevu. Karani alikuwa amelinunua Pangani, kwa warithi wa mtu asiyemjua. Chini ya kitambaa zikatoka barua kumi na moja, zimefungwa kwa utepe wa kanga kuukuu. Bahasha zilitoka Mombasa, na stempu zilikuwa zile za zamani, Kenya, Uganda na Tanzania kwenye kipande kimoja cha karatasi. Ndani kulikuwa na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mimi chuo nilihitimu, lakini nilizoea msahafu, kila herufi na irabu yake. Mkono huu haukuwa na irabu hata moja, na p ilikuwa imeandikwa kwa be. Nikajikakamua: "Mpenzi, siku nita... bata?" Wakacheka mpaka karani akaweka fidla chini. Karani mwenyewe alisoma shule ya misheni. Fundi alipoletewa karatasi aliisogeza mbali, akairudisha. "Miwani yangu hii ya nyaya," akasema, "si ya khati."

Ndipo shangazi akafuta mikono ya unga. "Barua ya mtu ni siri yake," akatukaripia, huku ameshaichukua.

Akawa anatusomea moja kila tukimaliza mazoezi, amekaa mkekani na kanga kichwani. Mbili za kwanza zilikuwa tamu. Zilizofuata zilitunyamazisha kabisa. Nakumbuka ya saba: "Tangu uondoke, nyumba hii ina mlango mmoja tu, nao ni ule uliotokea." Kijana wa kwaya aliomba airudie. Fundi hakusema kitu, ila kesho yake alikuja na gitaa amelilegeza mwendo, akaanza kuyapitisha maneno yale kwenye nyuzi, taratibu, mpaka karani akamfuata na fidla bila kugombana. Ilikuwa mara ya kwanza. Na nikaona shangazi ameacha kutuuzia vileja, anatuletea kwenye sinia.

Tulipiga wimbo huo kwenye arusi ya jirani. Dumbaki ilimaliza kwanza, kama kawaida, lakini kina mama walitutunza hata nauli za kurudishia vyombo zikapatikana.

Barua ya tisa ilisomwa Alhamisi. Jumapili Fundi akatuma washenga. Wazee wa nyumbani waliduwaa, maana walidhani wamekuja kuposa binti wa chumba cha pili. "Bi mkubwa mwenyewe?" baba akauliza mara mbili. Mwenyewe alikuwa jikoni, hakutoka, lakini mchi ulinyamaza.

Barua mbili zilizobaki hakuna aliyezikumbuka. Miezi kadhaa baadaye nikazichukua zote kwa mwalimu wangu wa chuo anifundishe mkono ule. Tukaenda nazo polepole hadi ya saba. Hapakuwa na mlango. Palikuwa na mafuta ya taa debe moja, kanga doti mbili, na kaka aambiwe alete chokaa, mafundi wanasubiri. Ya nane vivyo hivyo, na ya tisa ilikuwa hesabu ya mbao.

Nikapanda baiskeli mbio hadi dukani kwa Fundi. Nikamkuta ameinamia redio, moshi wa lehemu unampanda usoni. Nikaweka karatasi mbele yake nikaanza kumweleza. Hakunisubiri. Aliichukua, kwa miwani ileile, akaisoma yote kwa pumzi moja: debe, doti, kaka, chokaa.

"Nilisoma chuo Pangani miaka saba," akasema. "Na lile neno lako si bata. Ni pata."

Akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia.

"Usimwambie shangazi yako."